Kichwa Hupewa Mgeni

Profesa wetu alipenda kuchora. Kabla hajasema neno alikuwa amekwisha kushika chaki, na ubao mzima ukajaa mishale. Chini aliweka vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, juu yake vidudu vinavyokula vijimea, juu yake dagaa wa bahari ya Uswidi wanaoitwa strömming, kisha samoni, na kileleni tai na sili, mnyama wa baharini alaye samaki. Mishale ilipanda kutoka tumbo hadi tumbo. "Huu ndio mfumo ikolojia," alisema, "na ndani yake kila kitu kimeshikana na kila kitu."

Nilinyoosha mkono nikauliza mtu yuko wapi.

Darasa lilicheka, kile kicheko cha adabu cha Waswidi kisichotoa meno. Profesa naye alitabasamu. Alisema mtu hayumo kwenye mchoro kwa sababu mtu ni usumbufu unaotoka nje. Akaongeza, kwa kunifurahisha nadhani, kwamba amewahi kufika Tanzania, akakaa porini akihesabu nyumbu, na kwamba nchi yetu ni paradiso, ila watu wanazidi kusogea. "Watu, watu kila mahali," alisema. Mmoja wa watu hao alikuwa amekaa mstari wa mbele na kalamu mkononi. Miaka mingi imepita, na nikikumbuka bado damu inanichemka.

Nilifika Stockholm mwanzoni mwa miaka ya sabini, nimetumwa kusomea mambo ya samaki na maji. Mimi ni mtu wa Ukerewe, kisiwa cha ziwani, na kwetu mtoto hujua kupaa samaki kabla hajajua kusoma. Nilifikia kwa kaka yangu, aliyekuwa akisomea umeme, na mkewe, wifi yangu. Walikuwa wamepata nyumba Tensta, kitongoji cha pembeni mwa jiji, kwenye ghorofa mpya kabisa, saruji ingali inanuka. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa haijafika huko. Tulipanda basi hadi Spånga, tukashika treni ya mjini. Dirisha la jikoni lilitazama mashimo ya ujenzi, winchi na tope, na nyuma ya tope kulikuwa na uwanda mkubwa na msitu.

Jumapili Waswidi walifurika msituni. Walikuja na viatu vya mpira, chupa za kahawa na watoto mgongoni, wakatembea, wakavuta hewa, wakarudi. Sisemi kwamba hawakupenda. Walijua jina la kila ndege, na ukivunja tawi bichi mbele yao wanakutazama kama umempiga mtoto. Lakini Jumatatu watu hao hao walikwenda kazini kwenye viwanda vilivyomwaga uchafu baharini, na sikuona hata mmoja aliyeuunganisha mkono wa Jumapili na mkono wa Jumatatu. Walisema wamerudi kwenye maumbile, kama vile mtu anavyosema amekwenda kumsalimu bibi yake mzaa baba. Anakaa kidogo, anasifu chai, anaangalia saa.

Kwetu ziwa hatulisifu. Tunaliogopa, tunalilaumu, tunalila, na mtu akichafua mahali pa kuchotea maji anapigiwa kelele na kina mama mpaka anaona aibu kupita njia ile. Sisemi sisi ni malaika. Nasema sisi tumo. Tulikuwemo kwenye mchoro kabla profesa hajazaliwa.

Basi, maabara. Nilipangiwa chumba cha samaki. Samoni waliletwa kwenye barafu kutoka sehemu mbalimbali za bahari yao, wakubwa, wazuri, mgongo unang'aa. Kazi yangu ilikuwa kupima urefu na uzito na kutoa magamba machache ili umri ujulikane. Kisha fundi wa maabara, mama mmoja wa makamo mwenye mikono myepesi, alikata kipande cha nyama ya mgongo, akakifunga kwenye karatasi ya aluminiamu, akaandika namba, akakitia kwenye friza. Kilichobaki kilikwenda kwenye ndoo ya kuchomwa moto. Kichwa, tumbo, mifupa yenye nyama, mkia mzima. Samaki ambaye kwetu angelisha nyumba nzima na jirani akaletewa bakuli, huku alitolewa kipande cha ukubwa wa sabuni akatupwa.

Sikuweza kuitazama ile ndoo. Nadhani yule mama aliliona hilo usoni kwangu, maana Ijumaa moja alinisogelea akaniuliza, "Kwenu mnakula vichwa, sivyo?"

Nikasema ndiyo, tena tunagombania.

"Basi chukua. Ni dhambi kutupa." Akavifunga kwenye mfuko wa karatasi, akaniongezea na ini, akanipigapiga begani. Tangu hapo ikawa desturi yetu ya Ijumaa. Mfuko ulikuwa unanisubiri juu ya meza karibu na mlango, umekunjwa vizuri. Nilimshukuru kwa Kiswidi changu cha kubabaisha, naye akanijibu polepole ili nielewe. Nilimpenda yule mama.

Niliwahi kuuliza tunatafuta nini kwenye ile nyama. Nikajibiwa tunachunguza afya ya bahari. Jibu zuri. Mashine yenyewe ilikuwa chumba kingine, vipimo vilichukua miezi, na karatasi zote zilikuwa za Kiswidi kigumu, nami nilikuwa ndiyo kwanza najua kuomba chumvi. Wapo watu, na Watanzania wenzangu wamo, ambao baadaye waliniambia ningepaswa kujua. Niliwaambia waende zao. Mtu mwenye macho akikupa chakula mkononi, huna deni la kuuliza kama kina sumu.

Sasa nieleze habari za wifi yangu. Nyumbani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa kutoka nje ya uzio. Tensta ilimnyamazisha yeye. Alikuwa mjamzito na hakuna kilichokaa tumboni. Maziwa yalimnukia, jibini ilimnukia zaidi, viazi alivitapika, mkate aliutapika. Kliniki walimpa vidonge akavitapika navyo. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni, akaihifadhi kwenye kikombe. Kaka yangu alikuwa anakuja kutoka chuoni anakuta amelala anatazama ukuta, anauliza, "Umekula?"

Ijumaa ile ya kwanza nilichemsha kichwa kimoja kwa kitunguu, nyanya, chumvi na limau, kama tunavyofanya kwetu, bila mbwembwe. Harufu ilipoanza kuzunguka nyumbani aliinuka mwenyewe akaja jikoni. Alikunywa bakuli la kwanza tukimtazama. Tukasubiri. Chakula kikatulia tumboni. Akanyoosha bakuli, akasema, "Wifi, na jicho."

Kaka yangu alikwenda barazani akajifanya anavuta sigara, naye havuti.

Ni lazima niseme jambo hili ili mnielewe. Kwetu kichwa cha samaki kina mwenyewe. Akija mgeni wa heshima, kichwa ni chake, na ukimpa mkia umemtukana. Asipokuwepo mgeni, anapewa mwanamke mjamzito, kwa kuwa naye amebeba mgeni. Hivyo majira yote ya baridi, theluji imefunika mashimo ya ujenzi, wifi yangu alikula kichwa kwa haki yake. Alikula mashavu, alikula macho, alifyonza mafuta ya kisogoni, alikula na ini. Sauti ikamrudia. Akaanza kututuma na kutukosoa. Jirani yetu Mganda, aliyekuwa peke yake na simanzi zake, alikaribishwa, akasema kwao pia mambo ni hayo hayo, akawa anakuja Jumamosi na pilipili zake. Mtoto alizaliwa majira ya kuchipua, wa kike, mzito, mwenye kelele. Wakunga walisema hawajaona mama aliyekuja amekonda vile akatoa mtoto kama huyo. Sisi tulijua ni nini.

Tulidhani tunajua.

Mwezi mmoja hivi baadaye profesa alituita wote kusikiliza matokeo. Jiji lilikuwa linajiandaa kwa mkutano mkubwa wa dunia wa mazingira, na taasisi yetu ilitaka kuwaonyesha wageni kazi yake. Chumba kilijaa. Alionyesha picha za mayai ya tai yaliyopasuka kabla ya kuanguliwa. Alionyesha sili majike wasiozaa. Kisha akaeleza sababu: dawa za kuulia wadudu, na kemikali za viwandani zinazotiwa kwenye transfoma na rangi. Alisema haziozi wala haziyeyuki majini. Hukaa kwenye mafuta ya mnyama, na kila anayemla mwenzake anarithi yote ya yule aliyemla, ndiyo maana walio juu ndio wanaoumia. Alieleza vizuri sana. Alikuwa mwalimu mzuri, hilo simnyimi.

Akasema kuna jambo la kuzingatia. Kipande tunachopima ni nyama ya mgongo, yenye mafuta kiasi, kwa hiyo picha tunayoipata ni ndogo kuliko ukweli. Sumu nyingi zaidi iko kwenye ini, tumboni, na hapa. Akajigusa nyuma ya sikio lake mwenyewe, pale shingo inapokutana na kichwa.

Nilimtafuta yule mama kwa macho. Alikuwa amekaa mwisho wa chumba, anatazama mikono yake.

Nilimkuta kwenye sinki, anaosha visu. Nilimuuliza kama alijua. Akasema, "Ni kidogo tu. Na si kila siku."

"Ulijua?"

"Sote tunajua zipo. Ndiyo kazi yetu."

"Wewe ungekula?"

Alifungua bomba, maji yakapiga sinki kwa kelele, nami nikabaki nimesimama pale nikitazama kisogo chake. Sikutukana. Laiti ningejua matusi ya Kiswidi. Nilichokuwa nacho kilikuwa maneno ya adabu niliyofundishwa darasani, na hakuna hata moja lililofaa. Baadaye nilielewa kwamba hakunichukia. Hakunifikiria kabisa. Kwake mimi nilikuwa mahali pazuri zaidi pa kutupia kuliko ndoo.

Nilipanda ngazi nikaingia kwa profesa bila kubisha hodi. Nilimweleza yote, vichwa, maini, wifi yangu, mtoto. Nilisema kwa Kiingereza na nadhani nilipiga kelele. Alisikiliza akiwa ameinama mbele, na nilivyoendelea niliona macho yake yanaamka. Nilidhani ni huruma.

"Kwa muda gani?" aliuliza.

"Majira yote ya baridi."

"Na ananyonyesha?"

"Ananyonyesha."

Akavuta kiti karibu. Akasema hili ni jambo la kipekee, kwamba maziwa ya mama aliyekula hivyo hajapata kupimwa na taasisi yetu, na kama wifi yangu angekubali kutoa kidogo, hata kikombe, ingekuwa mchango mkubwa kwa sayansi. Alisema hivyo. Alimwona wifi yangu kwa mara ya kwanza, na alimwona kama samoni.

Nilitoka. Nilitembea kutoka taasisi hadi stesheni bila kufunga vifungo vya koti, na watu walinipisha njia.

Wifi alikuwa anamwogesha mtoto. Nilimwambia hapo hapo, kwa sababu ningesubiri nisingeweza. Hakulia. Alimtoa mtoto majini, akamkausha kila kikunjo, mapajani, shingoni, akampaka mafuta, akamfunga. Kaka yangu alikuwa mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba chuoni wanafundishwa mafuta yale ya transfoma ni salama, kwa kuwa hayashiki moto.

Mtoto alianza kutafuta titi. Wifi alimtazama, akanitazama.

"Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe?"

Kesho yake alikwenda kliniki. Nesi alimwambia kila kitu kiko sawa, maziwa ya mama ni bora kuliko yote. Wifi akamweleza habari za vichwa. Nesi akasema kama ana wasiwasi kuna maziwa ya kopo. Yaani ni bora kuliko yote, au anaweza kuyaacha, achague mwenyewe. Wifi aliniambia aliondoka pale akiwa na hamu ya kuwakalisha wote chini na kuwapa mtihani. Siku zile aliendelea kumnyonyesha, lakini kila mara akimtoa titini alikuwa anamchungulia usoni. Furaha ya kunyonyesha waliiondoa pale pale, na hakuna mashine iliyopima hilo.

Nilimwambia kwamba profesa anataka maziwa yake. Nilitegemea atafoka. Alifikiri kwanza.

"Akiyapima, ataniambia ninyonyeshe au nisinyonyeshe?"

"Labda."

"Basi nitampa. Lakini aje mwenyewe. Mwambie ameitwa chakula."

Alikuja, lazima nimpe haki yake. Alikuja Jumamosi kwa basi la kutoka Spånga, na maua mkononi, na mlangoni alisema "Jambo" na "asante sana" kama alivyojifunza kwa nyumbu. Alivua viatu. Alimsifu mtoto. Kaka yangu, ambaye hajui kugombana na mgeni, alimpa kiti kinachotazama dirisha, wakazungumza habari za msitu. Profesa alisema tuna bahati kuishi karibu na maumbile kiasi hiki.

Wifi alikuwa ameamka mapema akaenda sokoni mjini kununua samoni. Hakutaka wa maabara. Alimuuliza muuzaji ametoka bahari gani, akaambiwa bahari hii hii, wa leo. Alimpika vizuri. Sijawahi kumwona anapika kwa makini namna ile, maana mpishi mwenye hasira kwa kawaida huunguza. Alisonga ugali wa semolina. Akatandika kitambaa cheupe cha harusi yake. Kisha akaleta sahani kubwa, akaiweka mbele ya profesa, na juu yake kulikuwa na kichwa kizima, na mdomo wazi, na mafuta yakimetameta kisogoni. Sisi wengine akatupa vipande vya mgongo.

"Mwambie," aliniambia kwa Kiswahili. Kiingereza alikijua vizuri, lakini siku ile hakukitumia hata neno moja. "Mwambie kwetu kichwa hupewa mgeni wa heshima. Karibu."

Nikatafsiri.

Profesa alikitazama kile kichwa. Nilimwona anaelewa. Uso wake ulianza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu. Alichukua uma, akaugeuza, akauweka chini.

"Mwambie ale kabla hakijapoa."

Alisema samoni wa dukani wanaruhusiwa kuuzwa, na mtu akila nyama ya mgongo mara moja moja hakuna hofu.

"Mwambie sikumpa mgongo."

Kaka yangu alisema jina la mkewe taratibu, la kumtuliza. Wifi hakugeuka. Alikaa chini akitazamana na profesa, akamchukua mtoto aliyekuwa ameanza kulia, akafungua blauzi, akamnyonyesha pale pale mezani. Profesa alitazama mezani, na mezani kulikuwa na kichwa. Hakuwa na pengine pa kutazama.

"Siwezi," alisema hatimaye. "Samahani. Siwezi kula hiki."

"Vizuri," alisema wifi, hata kabla sijamaliza kutafsiri. "Mwambie sasa anijibu. Anajua habari za tai, anajua habari za sili. Huyu anyonye au asinyonye?"

Niliogopa profesa atatoa mhadhara. Akasema, "Sijui." Akavua miwani. "Hakuna anayejua. Hatujawahi kuuliza."

Wifi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mwalimu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi. Akasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwamba hilo nisilitafsiri. Akamaliza kumnyonyesha. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kikombe kilichofunikwa, akakiweka karibu na sahani ya profesa. Alikuwa amekitayarisha muda mfupi kabla ya mgeni kufika. Maziwa yalikuwa yangali na uvuguvugu. Profesa alikibeba kwa mikono miwili mpaka kituo cha basi, nami nilimsindikiza kwa sababu desturi ni desturi.

Kile kichwa hakuna aliyekila. Wifi alikitazama jioni ile kikiwa kimeganda mafuta kwenye sahani, akakifunga kwenye gazeti akakitupa, na hapo ndipo alipolia. Alisema katika maisha yake hajawahi kutupa kichwa cha samaki.

Majibu yalirudi. Sumu ilikuwemo, na kwa wingi. Profesa aliniita akaniambia uso kwa uso, akaongeza kitu ambacho alikuwa amekwenda kukipima mwenyewe siku zile, bila kungoja ruhusa ya mtu. Alichukua maziwa ya mama wengine waliojifungua hapa mjini, Waswidi, wanaonunua samaki dukani na kutupa kichwa, na wengine wasiokula samaki kabisa. Nao walikuwa na sumu ile. Kidogo kuliko wifi, lakini walikuwa nayo wote. Ilikuwa kwenye siagi, kwenye nyama, kwenye mayai. Wale waliokuwa wakitembea msituni Jumapili na watoto mgongoni walikuwa wamewanyonyesha nayo. Alinieleza hivyo na sauti ikimtetemeka, na nitasema kweli, sikumwonea huruma. Nilifikiri, karibuni. Karibuni kwenye mchoro.

Kuhusu kunyonyesha, alisema kwa kadiri anavyoweza kupima, titi bado lina faida kuliko hasara, lakini wifi asiguse tena mafuta ya samaki wa bahari hii. Hilo ndilo jibu tulilopata kutoka mji mzima wa wataalamu. Wifi alinyonyesha mpaka mtoto akaacha mwenyewe. Kichwa cha samaki hakukigusa tena, hata tuliporudi likizo Ukerewe na mama yetu akampa kwa mkono wake mwenyewe. Alisema ameshiba. Mama hakuelewa, akadhani Ulaya imemtia maringo, na wifi alikubali kudhaniwa hivyo kuliko kumweleza mama kwamba mjukuu alilishwa sumu tumboni.

Wageni wa mkutano wakafika. Jiji lilijaa bendera na watu wenye beji shingoni. Taasisi ilitundika ule mchoro wa profesa ukumbini, umechorwa upya na mchoraji wa kulipwa, kwa rangi, mkubwa kama mlango. Vijimea vya kijani, samoni wa fedha, tai amekunjua mabawa kileleni. Ulikuwa mzuri. Chini yake yaliandikwa maneno kuhusu mwanadamu kurudisha uhusiano wake na maumbile, na mwanadamu mwenyewe hakuwemo.

Nilifika asubuhi kabla ya wageni na wino mweusi wa kuandikia lebo za chupa. Sijui kuchora. Juu ya samoni, pembeni ya tai, nilichora mwanamke, mistari mitano tu na kitambaa kichwani. Nikavuta mshale kutoka kwa samoni hadi kwake. Kisha nikasimama, nikaona bado. Juu yake, juu ya tai, juu ya kila kitu, karibu na fremu, nikachora mtoto, nikavuta mshale kutoka titini hadi mdomoni. Nikaandika jina lake. Wino ulichuruzika kidogo kwenye bawa la tai.

Nilipogeuka profesa alikuwa amesimama nyuma yangu na koti mkononi. Sikujua amekuwa pale kwa muda gani. Aliutazama mchoro uliogharimiwa, akautazama wino, akafuata mishale kwa macho, taratibu, kutoka chini hadi juu, kama alivyotufundisha kufanya.

"Ni sahihi," alisema. "Kisayansi ni sahihi. Mtoto anayenyonya yuko ngazi moja juu ya mama. Hakuna aliye juu yake."

Nikamwambia sikuchora ili nisahihishwe.

Mlango wa mbele ulifunguliwa, sauti za wageni zikaanza kuingia, na mtu fulani alimwita kwa jina aende kuwapokea. Hakwenda. Aliuacha mchoro ukutani kama ulivyo, akasimama kando yake kwa utii, kama mtu anayesubiri kuulizwa. Mimi nilifunga chupa ya wino nikaenda kupanda treni. Nilipofika Tensta wifi alikuwa amekaa dirishani, na mtoto alikuwa ananyonya.